Kicheko Walichokiacha Kwenye Wimbo wa Katuni

Leo nimejiaibisha saluni hapa Bukoto, na aliyeniponza ni mdomo wangu mwenyewe.

Nilikuwa nasukwa. Kwenye TV wakatangaza kwamba katuni ya kuku mwenye kofia inaanza.

Nikashindwa kunyamaza. Nikamwambia msusi wangu, Nakalema, "Huo wimbo wa mwanzo nimeuimba mimi."

Na kweli niliuimba! Miaka tisa iliyopita, nikiwa ndio nimefika huku kutoka Kisumu, wenye katuni walipokuwa wanatafuta mtu wa kuuimba kwa Kiswahili.

Nakalema akapiga yowe. "Banange, nyamazeni wote! Mteja wangu ni staa!" Akaongeza sauti ya TV. Mama mmoja akatoa simu anirekodi.

Wimbo ukaanza.

Sauti si yangu.

Wameurudia. Maneno ni yale yale, na pale nilipokuwa navuta neno, huyo msichana wao naye anavuta. Hakuna aliyeniambia.

Yule mama akashusha simu polepole. Nakalema akanishika bega. "Si kitu, nyabo. Nyimbo hufanana."

Afadhali wangenizomea.

Nyinyi mngejibu nini? Mimi nilisema nywele zinabana, ndiyo maana machozi yananitoka.

Na bado.

Mwisho wa wimbo kuna kicheko cha mtoto. Hicho hawakukitoa. Ni cha binti yangu, Atieno. Siku ile studio nilikosea mstari, akanicheka, wakasema kitamu, kibaki.

Kimebaki. Kila jioni mwanangu ananicheka kwa kukosea wimbo ambao mimi simo tena.