Choo Changu, Kisima cha Papa

Kazi yangu inachekesha ukiieleza haraka. Nazunguka wilaya ya Rusizi nikiuliza watu wanatia mbolea kiasi gani shambani, wana ng'ombe wangapi, nyumba ina watu wangapi na choo chao kiko wapi. Majibu yanajumlishwa na ya wilaya nyingine, ili ikadiriwe nitrojeni inayoharibu maji ya nchi nzima inatoka wapi. Kule Bugarama mzee mmoja mkulima wa mpunga alinikejeli mbele ya wenzake: "Ulisoma miaka yote ile uje kuhesabu mavi?" Nikacheka nao. Mzee alisema kweli.

Siku moja nilibakiwa na vijikaratasi vya kupimia maji, nikachovya kimoja nyumbani kwetu Kamembe, katika kisima cha Papa, baba yangu. Papa alipofariki, Maman aliuza cherehani zake akachimbisha kile kisima kiwe sadaka ya jariya, ili kila anayekunywa amwongezee marehemu thawabu. Jirani Mwislamu, jirani Mkristo, wote wanachota bure, na hawaondoki bila kusema "Mungu amrehemu." Kijikaratasi kikageuka chekundu kabisa, ishara ya nitrojeni nyingi mno. Nikachovya kingine. Astaghfirullah, yale yale.

Mbolea? Pale hapana hata tuta la dodo, mchicha wa kwetu. Ng'ombe hakuna. Kuna vyumba vya wapangaji, juu kidogo ya kisima, na choo cha shimo nilichowachimbishia mimi mwenyewe kwa mshahara wangu wa kwanza. Maman aliniomba nikiweke upande wa chini. Nikamjibu kwa kiburi cha msomi kwamba chini kuna mawe, fundi atatuchelewesha. Mimi huyu huyu ninayewauliza watu choo chao kiko wapi! Mjinga haswa.

Nilimwambia ukweli akiwa anachambua maharage: choo changu kimeyaharibu maji yale, ni hatari, hasa kwa watoto wachanga, na kuyachemsha hakusaidii kitu.

"Mbona iko mazuri," alisema. "Hata harufu haina."

"Najua, Maman. Lakini lazima tukifunge kisima."

Mikono yake ikasimama juu ya ungo. "Batu bakiacha kuchota, papa yako atapata nini kule?"

Mimi, mwenye hesabu za nchi nzima, nilitaka kusema Mungu anajua nia, nikaona haya. Nia ilikuwa ya Maman, choo ni changu. Iliniuma, na inaniuma hadi leo.

Asubuhi alikitia kisima kufuli. Akajaza bidoni zetu zote maji ya bomba ya kununua, akazipanga langoni, akawamiminia waliotangulia mmoja mmoja, akiwaomba wasimsahau marehemu. Maji yakaisha, na watu walikuwa bado wamepanga mstari hadi barabarani. Jirani mmoja, mtoto mchanga mgongoni, akanyoosha bidoni yake tupu.

"Na mimi, Maman?"

Maman akanitazama. "Uliza huyu," akasema, akaingia ndani.