Uso wa Dereva Pilipili

Dereva wa basi la shule, yule ambaye mtaa mzima unamwita Pilipili, hajawahi kuonja pombe maishani mwake. Lakini nenda kawaambie watu! Rangi yake ni maji ya kunde, na wekundu ulimwanzia mashavuni, ukapanda puani, vijishipa vikajichora kama mizizi. Akinywa chai ya moto, uso unawaka. Jua likimpiga kwenye usukani, unawaka. Daktari wa ngozi alishamwambia kuwa ni ugonjwa, unaitwa rosasea, hauambukizi wala hauletwi na chupa. Watu wakasema, aa, tangu lini mlevi akakosa jina la ugonjwa!

Mtetezi wake alikuwa mmoja tu, mkewe. Mama yule ana mdomo, Mungu amzidishie. "Huyu mwanamume nalala naye mimi au nyinyi?" aliwauliza majirani mbele ya duka. "Hebu mkome!" Wakacheka, wakatawanyika.

Basi mzazi mmoja akapeleka malalamiko shuleni. Mkuu wa shule akamwita Pilipili, akamwambia kwa upole kuwa Jumatatu wazazi watakutana, waamue kama funguo za basi zibaki kwake. Miaka yote ile hajakwaruza hata kioo! Inaniuma mimi ninayesimulia tu, sembuse yeye.

Ijumaa akakimbilia kwa daktari kutaka leza, ule mwanga unaoziba vijishipa vya uso. Daktari hakumficha. Itabidi arudi mara kadhaa, na baada ya mara ya kwanza uso utavimba na kuvilia damu, ndipo utulie.

"Kwa nini usisubiri huo mkutano upite?" akamuuliza alipoelezwa habari ya Jumatatu.

Pilipili alisikia neno kutulia peke yake. Sikio la kufa halisikii dawa. Akafunikwa macho, mwanga ukamrukia shavuni ta, ta, ta, kama mafuta ya kikaangoni, naye kakaza meno.

Nyumbani hakuaga kwa ukweli. Mwanamume mzima aseme anakwenda kutengenezwa uso? Si watamcheka mpaka kesho! Alimwambia mkewe kuwa anapeleka basi gereji.

Jioni akarudi macho yamefumba nusu, pua na mashavu yana madoa ya zambarau. Mkewe akaangusha mwiko.

"Mungu wangu! Baba watoto, nani kakupiga?"

"Boneti. Imeniangukia kule gereji."

"Gereji ipi? Fundi kapita hapa mchana, anasema hajakutia machoni wiki nzima."

Pilipili akajitupa kitini, akamwaga yote: mkutano wa Jumatatu, daktari, leza, na aibu iliyomfanya adanganye. Mkewe akamsikiliza bila kumkatiza, jambo ambalo si kawaida yake. Alipomaliza, mama akamsogelea.

"Pole, mume wangu," akasema, akamkumbatia shingoni.

Pilipili akamshukuru Mungu kimoyomoyo. Funguo na ziende zikitaka, huyu yupo. Kisha akasikia pua ya mkewe karibu na mdomo wake, ikivuta pumzi polepole, ikarudia tena.

Hakumsukuma. Alifungua mdomo, akampumulia, ili anuse vizuri.