Kikohozi cha Bibi Kwenye Utepe

Ninafundisha fizike katika shule moja ya sekondari huku Butembo. Mwaka jana nilisoma kwenye telefone habari ya kifaa kimoja, na ikanikaa kichwani: kipima-sumaku kilichotengenezwa kwenye ncha ya sindano ya kioo, nyembamba kuliko unywele mara nyingi sana. Wanasayansi wanakipoza kwa baridi kali sana mpaka umeme unapita ndani yake bila kuzuiliwa na chochote. Halafu wanakipitisha juu ya kitu, nacho kinachora picha ya sumaku iliyomo, nukta kwa nukta.

Jumamosi moja nilishuka Beni kumtembelea shangazi yangu. Anauza samaki wa ziwa kutoka Kyavinyonge, na hapendi kuambiwa jambo akaliacha bila kulielewa. Nilipomsimulia, aliniuliza sumaku inachorwaje na haionekani.

Nikaenda kwa jirani anayechomelea milango, nikaomba vumbi la chuma lililoanguka chini ya meule yake ya kusagia chuma. Tulilichuja kwa kitambaa, nikalinyunyiza kwenye mstari mweusi wa sumaku wa karte yangu ya benki iliyokwisha muda. Nikaigonga kidogo kwa kidole. Vumbi likajipanga kwa mistari myembamba, kama meno ya kitana.

Shangazi aliinama mpaka pua ikakaribia kuigusa. “Donc maandiko ilikuwa humu siku zote?”

Akaingia chumbani, akarudi na kaseti. Ndani yake mna sauti ya mama yake, bibi yangu, akiimba siku ya ndoa. Niliogopa kuichafua. Akasema tutumie kipande cha mwisho, pale wimbo umekwisha na bibi anakohoa tu. Nikauvuta utepe polepole, nikanyunyiza, nikagonga. Vumbi lililala ovyo, bila mstari hata mmoja.

Niliona haya, kwa sababu nilimtia hamu. Nikamweleza kwamba alama za sumaku za sauti zimo, ila punje zetu za vumbi ni kubwa kuliko alama zenyewe. Ndiyo maana wale wanasayansi wanatafuta ncha ndogo hivyo.

Aliupangusa utepe kwa kitambaa laini, akaurudisha ndani kwa kuzungusha kalamu ya biki.

“Na sindano yabo ingeona kikohozi ya mama?”

“Ingeona alama yake. Kusikia, hapana.”

Aliitazama kaseti mkononi. “Mais na ile baridi yote, utepe hautavunjika?”

Jumatatu niliandika swali lake ubaoni, na wanafunzi walibishana hadi kengele ikalia. Jibu bado ninalitafuta.