Kengele na Namba Isiyosomwa kwa Sauti

Dalali waliyemwita Kengele hakujua kusoma kimyakimya. Si kwamba alikataa, hakufundishwa. Herufi alizijulia mnadani, amesimama juu ya kreti la soda, akisoma vikaratasi vilivyobandikwa kwenye mali: kabati, milango miwili, kioo kimepasuka. Tangu hapo jicho lake na mdomo wake vikawa kama ng'ombe wawili wa jembe moja, mmoja akienda mwingine habaki. Akisoma bei dukani, duka zima limesikia. Siku moja alisoma maandishi ya chupa ya dawa ya mama mkwe wake barabarani, na mama wa watu hakuupita mtaa ule tena mpaka mvua zikaja zikaisha.

Zamani haikudhuru. Benki ilikuwa na dirisha, na nyuma ya dirisha alikaa mtu. Ukifika anakusalimu, anakuuliza habari za mguu wako, anagonga muhuri. Sura yako ndiyo ilikuwa ufunguo. Siku hizi sura ya mtu haina maana. Unaulizwa tarakimu, kana kwamba mama yako alikuzaa na namba. Lilipobandikwa tangazo kwamba dirisha la mtaa ule litafungwa na kila mteja ahamie kwenye simu, Kengele alilisoma, na wote waliokuwa mlangoni wakalijua bila kuinua macho.

Nyumbani mkewe, fundi cherehani, alikata uzi kwa meno na kutoa hukumu.

"Akaunti iingie kwenye simu yangu. Wewe ni redio isiyo na kitufe cha kuzimia."

"Nipigwe na jua mimi, halafu nije kukuomba changu kama mtoto anayetaka peremende?"

"Bora uniombe mimi kuliko umwombe mwizi."

Mdogo wa kiume wa mkewe, muuza ndoo, alikuwa amejilaza kwenye mkeka akifurahia. "Shemeji, siri yako hata kuku wa jirani wanaijua. Kabidhi tu."

"Wewe nyamaza, ndoo tupu ndiyo yenye kelele."

Wakapatana hivi: akijiandikisha mwenyewe na namba zisimtoke mdomoni, akaunti ni yake na simu ni yake. Zikimtoka, anakabidhi vyote kwa mkewe. Kengele hakulala vizuri. Mtu aliyekula jasho lake tangu ujana, leo aombe ruhusa ya kununua viatu!

Benki alimkuta karani, dada mmoja mpole, akiwasaidia wateja mmoja mmoja kando ya dirisha.

"Programu tumeiweka, baba, na tumeichukua mahali pake halali, si kwenye kiungo alichokutumia mtu. Sasa tunga neno la siri. Lisiwe jina la mtoto wala mwaka wako wa kuzaliwa. Liwe refu, ulijue wewe peke yako."

Kengele akafikiri, akaanza kubonyeza. "Kitanda... cha chuma... miguu sita..."

Foleni nzima ikageuka.

"Baba!"

"Nini tena?"

"Umelitangaza."

"Mzee, rudia hapo mwishoni," akasema mtu wa nyuma, "sikukupata vizuri."

Watu wakacheka mpaka mlinzi akachungulia. Wakaanza upya. Safari hii Kengele aliuma mdomo, akaandika neno jingine, akafika salama mpaka herufi ya mwisho, akapumua, na pumzi ikatoka na neno lote.

Akainuka. Pembeni palikuwa na chombo cha maji ya kunywa. Akajaza kinywa, akarudi amevimba mashavu kama mpuliza tarumbeta, akaketi. Akaandika. Ujumbe ukaingia na namba ya kuthibitisha. Macho yakamtoka, koo likatoa mlio wa chura, uzi wa maji ukateremka kidevuni. Tarakimu haikutoka hata moja.

"Tayari, baba! Na hiyo namba ya kwenye ujumbe inatumika mara moja tu. Usimpe mtu, hata mimi. Benki haiulizi namba hiyo. Anayeiuliza si wa benki."

Kengele akaitikia kwa kichwa, kwa heshima zote.

Mkewe alipoambiwa, hakushawishika. "Kwa hiyo utatembea na debe la maji? Tutaona."

Siku ya mnada mkewe alikuja na mito yake ya kuuza, akakaa mbele karibu na mdogo wake mwenye ndoo. Kengele yuko juu ya kreti, kipaza sauti mkononi, simu ikalia.

"Mzee wangu, shikamoo," ikasema sauti laini kama ya mchumba. "Napiga kutoka benki, makao makuu. Kuna mtu anaiba kwenye akaunti yako sasa hivi. Kuna ujumbe umeingia, nisomee hizo namba nimzuie."

Ujumbe ulikuwa umeingia kweli. Jicho likaona. Mdomo ukafunguka, na kipaza sauti kimewashwa. Mkewe akakumbatia mto. Muuza ndoo akasahau kurudisha chenji ya mteja.

Kengele akaufumba mdomo. Ukatetemeka, akaufumba tena. Kisha akaisogeza simu kwenye kipaza sauti.

"Mabibi na mabwana! Nina mwizi hapa, wa mkono wa pili, sauti nzuri, adabu feki! Nani anaanza?"

"Bure!" akapiga kelele muuza ndoo.

"Bure mara ya kwanza! Bure mara ya pili! Nani anaongeza?"

"Hata bure simtaki," akasema mama mmoja, "atakula sana!"

Simu ikakatika. Kengele akapiga ile namba iliyoandikwa nyuma ya kadi yake ya benki, akaeleza yote, akaambiwa amefanya vema na akaunti iko salama.

Mkewe akamsogelea. "Hebu niambie, zilikuwa namba gani?"

"Sikwambii."

"Mimi mkeo?"

"Hata wewe."

Mkewe akashika kiuno, akamtazama kama aliyeuziwa mbuzi kwenye gunia.

"Kumbe unaweza kunyamaza! Miaka yote hii najua ni maumbile, kumbe ulikuwa unafanya makusudi!"