Salfa ya Uvunguni

Kabla ya kuugua nilikuwa mtu wa kazi. Nimezaliwa Ruangwa, nikaolewa huku Chiola, na jembe sikuwahi kuliogopa. Darasa nililifikia la saba tu, kwa hiyo mkiona maneno hayajakaa sawa mnivumilie. Nina tabia ya kuandika mambo yangu usiku nisije nikayasahau, na wenzangu wa kliniki ya pumu ndio walionihimiza niyatoe haya kwa wengine.

Ilianza na kikohozi, msimu wa kupulizia mikorosho. Kikohozi kikavu, kinakuja alfajiri. Baadaye kifua kikawa kinapiga mluzi, hata mwanangu Zuhura akauliza nani anapuliza filimbi. Nilicheka, lakini kucheka kwenyewe kukanikohoza mpaka nikatapika.

Zahanati walinipa dawa ya kikohozi, wakanipima makohozi wakihofia kifua kikuu. Hakikuwepo. Siwalaumu, siku ile nilikwenda nikiwa nahema vizuri.

Mama mkwe akanishika kama mtoto aliyemzaa. Alinikataza shamba. Alisema ni baridi ya kipupwe imeniingia, basi nilale ndani nipumzike. Dirisha la chumbani akaliziba kwa khanga zake mbili, mlango akaufunga, uji akaniletea kitandani. Nami kadiri nilivyopumzika ndivyo nilivyozidiwa. Nililala nimekaa, nimeegemea mito. Neno moja nalisema, la pili nalitafutia pumzi. Watu wakaanza kunong'ona kuwa nimerogwa. Hata mimi, sitaficha, kuna siku niliwaza hivyo.

Asubuhi moja mume wangu, Baba Zuhura, aliingia kuchukua mfuko wa salfa, ile dawa ya unga ya kupulizia mikorosho, uvunguni mwa kitanda changu. Huku kwetu salfa haiachwi nje, wezi wanaipenda kuliko korosho zenyewe, kwa hiyo kila nyumba inailaza chumbani. Mfuko ulikuwa umechanika pembeni. Alipouvuta, unga wa manjano ukatimka. Kifua changu kikafunga. Hewa naiona ipo, haiingii. Jasho likanitoka, kucha zikabadilika rangi.

Tulipanda bodaboda, mimi katikati, mama mkwe nyuma amenikumbatia, mpaka hospitali ya Nachingwea. Baba Zuhura akafuata kwa baiskeli. Njia nzima mama mkwe alikuwa ananiambia sikioni, "Vuta, mwanangu. Vuta nyingine." Nadhani bila sauti ile ningeacha kuvuta.

Walinivalisha barakoa yenye mvuke wa dawa, wakanichoma na sindano. Kifua kikafunguka taratibu. Sijawahi kuonja kitu kitamu kama pumzi ile.

Daktari alikuwa kijana mpole. Alisema ni pumu, akaanza kuuliza. Nikiwa nje najisikiaje? Nikasema afadhali. Na chumbani?

"Ndiko kunakonibana."

"Chumbani mna nini?"

Baba Zuhura akajibu kama anayetaja vitu vya kawaida, "Kitanda, sanduku la nguo, na salfa."

Daktari akaweka kalamu chini. Halafu akatueleza kuwa pumu huenda nilikuwa nayo mwilini siku zote, salfa imeichokoza tu. Nalisema hili kwa haki: salfa haikuniletea ugonjwa, na mikorosho bila salfa haizai. Kosa letu lilikuwa kuilalia.

Mama mkwe akajifunika uso kwa mtandio. "Kumbe nilikuwa nakufungia humo mimi mwenyewe."

Nilimwambia kuwa aliyenifungia ndiye aliyenifikisha hospitali. Sijui kama nilisema vizuri, lakini aliacha kulia.

Nikapewa pampu mbili: moja ya kila siku, asubuhi na jioni, hata nikiwa mzima, nyingine ya kufungua kifua kinapobana. Mama mkwe akaninong'oneza kuwa pampu ni ya wanaokaribia kufa, ukiizoea huachi. Daktari alimsikia. Akasema kinachoua ni kuichelewa. Akatuonyesha namna ya kuivuta kupitia chupa ya plastiki iliyotobolewa, ili dawa ifike kifuani isiishie mdomoni.

Tuliporudi, Baba Zuhura alijenga kibanda cha salfa mbali na nyumba, akakitia kufuli. Akitoka kupulizia anavua nguo na kuoga uani kwanza, ndipo aingie. Jirani yetu alimtania kuwa mkewe kamgeuza mgeni kwake. Akamjibu, "Kuoga sishindwi. Kulala peke yangu ndiko nitakakoshindwa."

Nawashukuru hawa wote, na Mungu kabla yao. Wewe unayekohoa wiki hadi wiki, nenda ukapimwe. Ukipewa pampu usiionee aibu, wala usiache ya kila siku kwa sababu umepata nafuu. Mimi nilijaribu nikajuta. Na angalia unakolala.

Msimu huu tumeokota korosho pamoja, mimi na mama mkwe. Nilimwacha nyuma bila kujua, mpaka nikasikia naitwa. Nikageuka. Amesimama chini ya mkorosho, mkono kiunoni, anahema.

"Ningoje basi, mwanangu," akasema. "Mwenye pampu ni wewe."