Kidole Gumba

Mhandisi wa meza ya dirishani hana haraka na inchi. Zikimjia karatasi za boriti za zamani, zenye momenti ya inesha, yaani ile namba inayosema boriti itakataa kupinda kiasi gani, iliyoandikwa kwa inchi za kipeo cha nne, yeye huvua miwani, huipangusa kwa ncha ya mtandio, huivaa tena. Kisha huzidisha kwa mbili nukta tano nne, kugeuza inchi ziwe sentimita, na kukunja kidole cha mkono wa kushoto. Huzidisha tena, hukunja kingine, mpaka vinne vyote vilale. Midomo humcheza bila sauti.

Siku ya boriti za roshani ya shule, mchoraji wa ofisi alimsimamia mlangoni, roho juu, mafundi wanampigia simu. "Dada, si uzidishe mara moja tu kwa arobaini na moja nukta sita mbili, yaishe?"

Mhandisi alimaliza, akaanza upya kuhakiki. Mchoraji akautazama ule mkono mezani: vidole vinne vimelala, kidole gumba kimesimama peke yake.

"Na hicho cha nini?" akauliza, nusu utani.

"Hicho ni mtoto," alisema bila kuinua macho. "Amesimama juu ya roshani."

Simu ikaita tena. Mchoraji akaizima, akavuta kiti.