Nilivyozifungua Kamera za Nyumbani kwa Mama

Shule niliishia darasa la saba, tena saba ile ya kukaa dawati la nyuma. Lakini simama popote Sumbawanga uulize ni nani ana mashine tatu za kusaga na Fuso mbili bila kurithi hata jembe, utaonyeshwa geti langu. Natanguliza haya ili msomaji ajue ni mtu wa namna gani aliyeambiwa na kampuni ya kamera kwamba jambo fulani haliwezekani.

Mama yetu anaishi kijijini Msanzi, peke yake tangu baba afariki. Ana shamba lake la ulezi, ana kuku wake, na kaburi la mumewe liko hapo hapo nyuma ya nyumba. Masika moja aliteleza jikoni, akalala sakafuni hajiwezi mpaka jirani alipokuja kuomba moto. Kaka yangu mkubwa, anayekaa Milanzi, hapo hapo Sumbawanga mjini, akaandaa chumba na kutangaza kwamba mama anahamia mjini.

Mama aliniita pembeni. "Baba, wakinipeleka Milanzi nitakufa naangalia ukuta wa jirani."

Nikarudi nikamwambia kaka kwamba mama haendi popote. Kaka akacheka. "Wewe unashinda mjini na mashine zako. Utamwona kwa macho gani?"

"Kwa kamera," nikajibu, na wakati huo sikuwa hata na moja.

Nilizinunua mbili kwa rafiki yangu mwenye duka pale mjini. Moja niliielekeza getini, nyingine mlango wa jiko, maana mama akiamka lazima apite jikoni. Nikamwekea na kifaa cha intaneti. Wiki ya kwanza nilitembea na simu mkononi nikiwaonyesha hadi wateja wangu wa unga: "Huyo ni mama, Msanzi, sasa hivi."

Halafu nikaanza kuona kamba niliyofungwa. Picha ya mama yangu ilikuwa inasafiri kwanza ng'ambo kwa wenye kampuni, ndipo inarudi kwangu, tena ndani ya programu yao tu. Kuihifadhi, ulipie kila mwezi. Bando linanywewa kama togwa kwenye harusi. Hayo ningevumilia. Ambalo sikuvumilia ni hili: kamera ilijua kunipigia kelele mtu akipita. Mama akianguka hapiti mtu! Nilichotaka ni inipigie kelele mtu *asipopita*, na kitufe cha hivyo hakikuwepo. Na hata akili yake ilikuwa ya mbali. Wanawake wa kwetu wakija kumwamkia mama hupiga magoti uani na kupiga makofi taratibu, kama inavyopasa. Simu inaniletea kialama cha mnyama. Shangazi yangu mzima, kialama cha mnyama!

Nikarudi kwa mwenye duka. "Sheikh, nataka picha hizi ziingie kwenye programu nyingine, ninayoipangia mimi."

"Haiwezekani, mzee wa mashine. Hizi zimefungwa na kampuni. Ni kama mke wa mtu, unamsalimia tu, unapita."

"Mke wa mtu nimemlipia mimi mahari?"

Alicheka hadi akashika kaunta. "Basi ukifaulu, uje unifundishe na mimi."

Sasa mimi gia boksi ya Fuso nimeifungua bila kitabu. Niliingia mtandaoni kutafuta video. Kiingereza sikijui, lakini mkono wa fundi ukifanya kazi naujua, nikafuata mikono. Nikagundua wako watu duniani, hawalipwi, wameandika programu ya kuwa daraja. Inaingia kwa akaunti yako na neno lako la siri kama vile ni simu yako, inachukua picha, inaikabidhi programu nyingine ya bure iliyo kwenye kompyuta yako. Hiyo ya pili inatunza picha hapo hapo nyumbani, na unaweza kuchora kisanduku juu ya picha ukaiambia: hapa ndani nataka kitu fulani, kisipotokea nipigie. Na anayepigiwa unamchagua mwenyewe, hata wawe kumi.

Nikanunua kompyuta ndogo iliyotumika. Nilikosea neno la siri mpaka kampuni ikanifungia akaunti, nikafungua upya. Nikaharibu, nikafuta, nikaanza tena. Mke wangu akauliza, "Umeoa hiyo kompyuta?"

"Unataka mkweo akae kwake au hutaki?"

"Nataka. Ila chakula kinapoa."

Siku picha ya jiko la mama ilipowaka kwenye kioo changu, nje ya programu ya kampuni, nilipiga meza mpaka watoto wakaja mbio. Nikaipeleka kompyuta Msanzi nikaiweka chumbani kwa mama. Nikachora kisanduku mlango wa jiko, nikaamuru: mtu asipoonekana hapa hadi saa moja asubuhi, nipigie mimi, mpigie na dada yetu aliye Matai, jirani na Msanzi.

Asubuhi ya kwanza tu ikapiga.

Dada alimpandisha mumewe pikipiki hata kiatu hajafunga. Mimi nilitoka Sumbawanga na pikapu, kaka nimempakia njiani. Tulimkuta mama nyuma ya nyumba, kitambaa safi kichwani, anapukuchua mahindi. Shemeji amekaa pembeni anakunywa uji.

"Mama, mbona hukupita mlango wa jiko?"

"Nipite mbele ya macho yenu sijanawa uso? Mnanionaje ninyi? Tangu uning'inize kile kitu, natokea mlango wa nyuma, nanawa, najifunga kitambaa, nikiwa tayari ndiyo nazunguka."

Kwetu mtu hasalimiwi kabla hajanawa. Nilikuwa nimelijua hilo toka utotoni, na sikulifikiria.

Kaka alicheka kwa uchungu. "Bwana mdogo, mashine yako imemfukuza mama jikoni kwake mwenyewe. Chumba kiko tayari. Tumalize."

"Naongeza kamera nyingine huku nyuma," nikasema.

"Ongeza," mama akasema, "halafu Milanzi nitakwenda mwenyewe kwa miguu."

Nilichuchumaa mbele yake. "Basi nikuangalie wapi, mama?"

Alipukuchua muhindi mzima kabla ya kujibu. "Mimi usiniangalie. Waangalie kuku. Sijawahi kuamka nikanywa hata maji kabla ya kuwafungulia."

Nawaambia, ile programu ya kampuni isingeweza. Yenyewe inajua mtu na mnyama akipita, basi; kuku wasipotoka haina habari. Yangu nilishaifungua. Niliigeuza kamera ya jikoni ikatazama banda la kuku, nikachora kisanduku kwenye kamlango kake. Kuku wasipotoka hadi saa moja, piga simu. Sura ya mama haimo kabisa. Kaka akatoa muda mpaka ulezi uvunwe.

Kampuni nayo haikulala. Ilileta sasisho, lile daraja la programu likakatika, nikaendesha hadi Msanzi kwenye matope kulijenga upya, kisha nikazima masasisho yote. Likikatika tena nitalijenga tena.

Kipupwe kilipoingia, na baridi yetu ya huku juu mnaijua, simu ililia saa moja kamili. Niliangalia picha: banda limefungwa. Nikampigia dada, tayari alikuwa njiani. Alimkuta mama kitandani, anatetemeka kwa homa, kifua kinakoroma, hata sauti ya kuita hana. Wakamwahisha hospitali. Daktari alisema angechelewa hadi jioni ingekuwa habari nyingine.

Pale wodini kaka alisimama upande mmoja wa kitanda, mimi upande wa pili.

"Sasa anakuja Milanzi," akasema.

"Kaka, ile masika alilala sakafuni mpaka jirani alipotaka moto. Leo amelala mpaka saa ngapi?"

Mama akafumbua macho. "Kuku nani amewafungulia?"

"Shemeji, mama," dada akasema.

"Mwambie asiwape mahindi mengi. Keshokutwa nikirudi nitawapa mwenyewe."

Kaka akanyoosha simu yake juu ya shuka hadi kwangu. "Niwekee na mimi."

Nilimwekea hapo hapo, na yeye apigiwe kuku wasipotoka, kwa dakika chache, maana kazi hiyo sasa naifanya nimefumba macho. Mama alirudi Msanzi. Chumba cha Milanzi kaka amekigeuza stoo, na mwaka huu aliyekijaza magunia ya ulezi ni mama.